Kuvuka Bara Bila Mzigo

Dada yangu aliniambia anataka twende Namibia siku ambayo mzigo wangu wa mabeseni ulikuwa ndiyo kwanza umetoka bandarini, kwa hiyo sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa fremu ya duka langu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nawaelekeza wapagazi mahali pa kushusha, na yeye amesimama pembeni kakumbatia mkoba wake kama mtu anayengoja zamu ya kumwona daktari. Nilisikia "Namibia" nikadhani anazungumzia mwanafunzi wake wa zamani.

"Sawa, dada," nikamjibu. "Hakuna shida."

Nilipokuja kuelewa nimekubali nini, alikuwa ameshachanja homa ya manjano na cheti anacho.

Dada yangu ni mwalimu mstaafu. Alifundisha historia na jiografia katika shule za sekondari za wasichana mpaka sauti yake ikazoea kusema kila kitu kana kwamba kuna mtu anaandika. Amenipita miaka tisa. Mumewe alishafariki, watoto wako mbali, na anaishi peke yake kwenye ghorofa moja Upanga, na mimea yake mingi ya kwenye makopo. Mimi nilishuka kutoka Kilimanjaro nikiwa kijana, nikaingia Kariakoo, na sikutoka tena. Nauza vyombo: mabeseni, ndoo, sufuria, chupa za chai. Kabla ya safari hiyo, mbali zaidi nilikowahi kufika nje ya nchi ni Nairobi, na huko nilikwenda kuangalia sahani.

Siku nilipoelewa, nilimfuata Upanga jioni nikitaka kujitoa. Akanipa chai, akanitandazia ramani juu ya meza.

"Kutoka bahari hii," akasema, akaweka kidole Dar es Salaam, "mpaka bahari ile. Kwa barabara. Zambia, halafu Namibia."

"Kufanya nini?"

"Kuona."

"Kuona nini, dada?"

"Niliyoyafundisha. Maisha yangu yote nimefundisha kama mtu aliyefika. Sijafika popote."

Sikuelewa. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, nikiwa nimekaa juu ya gunia la kahawa kwa baba yetu, na kumkatalia sijawahi kuweza. Nikamwambia nitamsindikiza.

Asubuhi iliyofuata nilimweleza jirani yangu. Ni Mwarabu, anauza mapazia kwenye fremu inayotazamana na yangu, na kwa miaka mingi tumekuwa tukinywa kahawa pamoja kwenye benchi lake kabla wateja hawajajaa. Akaniuliza, "Unafuata mzigo gani huko?"

"Hakuna mzigo. Natembea tu."

"Namibia?"

"Namibia."

Akakisukasuka kikombe chake. "Haya, kaka. Siku ukiamua kuniambia, utaniambia."

Nilicheka. Sikujua kwamba amekasirika.

Mkanganyiko wenyewe ulianzia mpakani, Tunduma. Afisa aliyeshika pasipoti zetu alikuwa kijana mpole, tena alitusaidia na mabegi. "Biashara?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Matibabu?"

"Hapana."

"Sasa mzee, mnakwenda kufanya nini?"

Nikageuka kumtazama dada, maana hata mimi swali hilo lilikuwa langu. Akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Tunakwenda kuona." Kijana akalifungua begi langu, akalifunga, akalifungua tena. Ndani mlikuwa na mashati, mswaki na sweta moja ambayo mke wangu aliniwekea kwa nguvu. Maisha yangu yote nimepita kwenye vizuizi na karatasi za mzigo mkononi na sikuwahi kuogopa. Siku ile, bila kubeba kitu, nilijihisi kama mtu anayeficha.

Upande wa pili, Nakonde, tulipokuwa tunatafuta basi la Lusaka, nikasikia mtu anaita, "Bosi! Bosi wa mabeseni!" Alikuwa mama mmoja Mzambia, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye huja Kariakoo kila baada ya miezi michache na Kiswahili chake cha mpakani. "Leo umekuja mwenyewe?"

"Natembea, mama. Nimemsindikiza dada yangu."

Akamtazama dada, akatazama mabegi yetu mawili madogo, akatabasamu taratibu. "Unafungua duka Lusaka."

"Hapana, kweli natembea."

"Usijali, bosi. Sitamwambia mtu." Akanikonyeza. Nikajua pale pale kwamba atamwambia kila mtu.

Basini dada alikaa dirishani. Alinitajia kila kilichopita: huu ni msitu wa miombo, ule mwamba ni wa kale sana, mto huu maji yake yanaenda Kongo mpaka bahari ya upande wa pili. Nilijaribu kutazama anapoonyesha. Nilichokuwa nakiona mimi ni bidhaa. Mahali fulani basi liliposimama, nje kulikuwa na mama anauza viazi ndani ya beseni la bluu lenye ua jeupe chini yake. Lilikuwa langu. Sisemi lilifanana. Ua lile nililichagua mwenyewe, na Kariakoo nzima hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Nikashuka, nikasimama mbele ya beseni lile. Yule mama akadhani nataka viazi, akanipimia fungu.

"Umeona nini?" dada akauliza niliporudi na viazi vibichi mapajani.

"Beseni langu."

"Siku mbili njiani na umeona beseni."

Alisema bila ukali, lakini iliniuma. Maana beseni lile lilikuwa limepita njia yote hiyo kabla yangu, na mimi nilikuwa naliuza bila hata kujiuliza linakwenda wapi. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaviweka viazi chini ya kiti, nikatazama nje.

Livingstone ndiko dada alikokuwa na hamu ya kufika. Maporomoko yale makubwa ya mto Zambezi, ambayo wenyewe huyaita moshi unaonguruma, alikuwa amewafundisha wasichana wake mwaka baada ya mwaka: upana wake, kina chake, mvuke unaoonekana kutoka mbali sana, ngurumo inayotikisa ardhi. Asubuhi ile alivaa gauni zuri na kiatu cha kufunga. Mkononi alikuwa na koti la mvua alilolinunua Kariakoo maalumu, kwa sababu vitabu vilisema mtu hulowa.

Tulitembea kwenye njia yenye vichaka, dada mbele, akisimama kila mara kutega sikio. Mimi nikasikia ndege tu. Halafu vichaka vikaisha tukatokea ukingoni. Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa mawe meusi, mrefu, mkavu. Mkavu kabisa. Mbali sana, upande wa kule, palikuwa na mchirizi mweupe kama maziwa yanayomwagika kwenye sufuria.

Dada akasimama na koti lake la mvua.

"Maji yako wapi?" akamuuliza mtu mmoja aliyekuwa anawaongoza Wazungu.

"Huu mwezi hakuna, mama," akamjibu kwa Kiingereza. "Yaliyobaki yapo upande wa Zimbabwe. Njoo Aprili."

Hapo ndipo nilipocheka. Sijui kwa nini. Nafikiri ni yale mawe, na lile koti, na safari yote ile tuliyokaa kwenye viti mpaka miguu ikavimba. Nilicheka mpaka nikashika magoti. Nilipoinua uso, dada alikuwa analia, kimya kimya, kama mtu aliyepewa habari mbaya kwenye simu.

"Sikuwahi kuwaambia kwamba hukauka," akasema.

"Dada, si ni jambo dogo—"

"Hawakuniuliza, na mimi sikujua. Nimewafundisha maji ya mwaka mzima."

Hakuzungumza nami tena siku nzima, wala kesho yake mpaka tulipovuka mpaka wa Namibia. Mimi nilikaa nikiwaza nimekosea wapi hasa. Kama ni kucheka, nilikuwa nimeshaomba radhi. Lakini hasira yake haikuwa juu yangu yote, na nilishindwa kuipata sehemu yangu niitenge.

Namibia, barabara ilinyooka kama uzi wa fundi. Upande huu nyika, upande ule nyika, na vibao vya kutahadharisha tembo. Ghafla dada akaanza kuongea, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo.

"Ukitazama ramani, nchi hii ina kipande chembamba kama mkono ulionyooshwa kuelekea mashariki. Ndipo tunapopita sasa. Wajerumani walikitaka ili waupate mto Zambezi. Walidhani watapanda vyombo vya majini washuke nao mpaka bahari yetu, karibu na koloni lao jingine. Kwetu."

"Na yale maporomoko?"

"Hawakuyafikiria."

Nikakaa nikilitafakari hilo. "Kwa hiyo hata wao hawakwenda kuona kwanza?"

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Livingstone akatabasamu. "Hata wao," akasema.

Tulifika Swakopmund, mji wa pwani, ukungu umetanda. Ile sweta ndiyo iliyoniokoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa bahari, na bahari ninayoijua mimi ni joto, chumvi mwilini, na watu wanakaanga samaki soko la Feri. Hii ilikuwa ya kijivu, ya baridi kiasi kwamba nilipoweka mkono majini niliutoa kama mtu aliyeungua. Nyuma yetu jangwa lilianza palepale mji ulipoishia. Na majengo! Mapaa yale, madirisha yale, minara ile; nilisimama mbele ya nyumba moja ya zamani nikahisi kama nimesimama karibu na bandari ya Dar es Salaam. Nilimwambia dada.

"Ni Wajerumani walewale," akasema.

Dukani, mama muuza mikate alinisemesha kwa lugha yake, akidhani mimi ni mwenyeji. Nikamjibu kwa Kiswahili. Tukatazamana. Akarudia, mimi nikarudia. Mwisho akanifungia mkate na tukaagana kwa adabu kubwa, kila mtu kwa lugha yake.

Jioni ile tulikaa kwenye mchanga tukitazama jua linazama baharini. Mtu wa Dar huliona jua likitoka baharini, linazama huku Magomeni. Kuliona linaingia majini kulinizungusha kichwa. Nilishindwa kujua nimekaa nikitazama wapi, na nyumbani ni upande gani. Dada alinionyesha, lakini mwili wangu ulikataa kumwamini.

Asubuhi yake akanipeleka makaburini, mwisho wa mji. Nusu ya kwanza palikuwa pazuri: majani ya kumwagiliwa, mawe yaliyochongwa, majina ya Kijerumani. Ukiendelea, majani yakaisha. Ukaanza mchanga, na juu ya mchanga, safu baada ya safu, vichuguu vidogo. Vingine vimezungushiwa vijiwe. Hakuna jina hata moja. Vilikwenda mbali hadi macho yakachoka.

Niliijua habari ile juu juu, kwa kuisikia kwake njiani: watu wa nchi hii walivyopigana na Wajerumani, walivyofukuziwa jangwani, walivyofungwa kambini mjini humu wakafa kwa baridi, njaa na kazi. Njiani ilikuwa somo. Hapa dada alitembea kati ya vichuguu huku amebeba viatu vyake mkononi, na midomo yake inasogea. Alikuwa anahesabu. Akapotea, akarudi mwanzo, akahesabu tena, akapotea tena.

Katikati ya mchanga alikuwepo mama mmoja mtu mzima, amevaa gauni refu pana, na kitambaa kichwani kilichofungwa kwa mapana kama pembe za ng'ombe. Alikuwa anakusanya makaratasi yaliyoletwa na upepo. Dada alipomfikia, akasema, "Shikamoo, mama."

Ilimtoka tu. Dada yangu ni mtu wa kuamkiwa. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akimwamkia mtu. Yule mama hakuelewa neno, lakini alielewa kichwa kilivyoinama. Wakaanza kuongea Kiingereza.

"Ni ndugu zako hawa?" dada akauliza.

"Ni bibi zetu na babu zetu. Wa kwangu yuko wapi hasa, sijui. Kwa hiyo nasafisha yote." Akamtazama. "Ninyi mnatoka wapi?"

"Tanzania. Wajerumani walikuwapo kwetu pia. Watu wa kusini walipigana nao. Walikufa wengi sana, na baadaye kwa njaa."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za jirani. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, kama unavyomuuliza mgeni habari za nyumbani kwake, "Na makaburi ya huko anayasafisha nani?"

Dada akafungua mdomo. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, na nilimwona akitafuta jibu kama mtu anayepapasa funguo kwenye mkoba. Yule mama akamshika mkono, akaendelea na kazi yake.

Chumbani, nikiwa nimejifunika blanketi saa sita mchana, dada akasema, "Sijawahi kufika Songea."

"Songea?"

"Vita vya Majimaji. Nimefundisha sababu zake na matokeo yake maisha yangu yote. Wengi walinyongewa Songea, wakazikwa pale. Kuna makaburi, kuna makumbusho. Sijawahi kufika."

Baridi ilikuwa imenimaliza. "Kwa hiyo dada, tumevuka nchi mbili nzima, nimeacha duka, nimenunua viazi vibichi, kuja kutazama makaburi ya watu, na Songea ipo? Songea basi linaondoka kila siku!"

Nilitegemea anigombeze. Akakaa kitandani kwake na viatu vyake bado mkononi, mchanga unamwagika kwenye zulia.

"Ndiyo," akasema. "Na mimi hapo ndipo sipaelewi."

Tulirudi kwa ndege. Njia iliyotuchukua siku chungu nzima ilikwisha kwa siku moja, na hilo nalo lilinivuruga. Nilishuka Dar es Salaam nikiwa na hisia kwamba mwili umetangulia na mtu mwenyewe bado yuko barabarani.

Kariakoo nilikuta habari zimeshafika. Yule mama wa Nakonde alikuwa amekuja kununua mzigo wakati mimi niko huko, na alimwambia mtu mmoja tu. Mawinga, wale vijana wanaovutia wateja mitaani, waliniita "Bosi wa Lusaka". Mwenye fremu alimuuliza mke wangu kama tunahama. Na jirani yangu, Mwarabu wa mapazia, aliponiona asubuhi alijibu salamu yangu akaendelea kutundika kitambaa. Benchi lilikuwa limeingizwa ndani.

Siku ya tatu nilimfuata. "Jirani, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," akasema, mgongo kwangu. "Ila miaka yote hii, mtoto wangu akiugua unajua wewe, nikipata mzigo mbovu unajua wewe. Wewe unapata njia ya Lusaka, mimi naisikia kwa mteja."

"Hakuna njia ya Lusaka."

"Mtu haendi Namibia bure, kaka."

Nikakaa juu ya marobota yake, nikaanza kumweleza. Nilieleza vibaya. Nilianzia kwenye ukungu, nikarudi kwenye maporomoko makavu, nikasahau kusema tulifikaje, nikaruka kwenye yule mama aliyesafisha makaburi yote kwa kuwa halijui la kwake. Nilipofika kwenye jua kuzama baharini, akageuka.

"Jua halizami baharini."

"Huko linazama."

"Haiwezekani."

"Nimeliona kwa macho yangu."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kwa jicho. "Na huko kote hukununua kitu?"

"Viazi," nikasema.

Sijui ni kipi kilichomfanya aamini, jua au viazi. Alitikisa kichwa, akaenda ndani, nikasikia benchi linaburutwa. Tulipokuwa tunakunywa kahawa akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba babu yake alitoka Hadhramauti, na kuna nyumba huko wanayoambiwa ni yao, na hakuna aliye hai katika ukoo wao wa Dar es Salaam aliyeiona. "Nikienda," akauliza, "nikishafika mlangoni, ndiyo nafanya nini?" Nilimwambia sijui. Kweli sikujua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika, na bado sikujua nilifanya nini.

Dada hakuniita Upanga mwezi mzima. Krismasi tulipanda wote Kilimanjaro kama watu wa kwetu wanavyofanya, na mbele ya ndugu alisimulia safari vizuri sana: jangwa, bahari baridi, tembo. Makaburi hakuyataja. Nilisikiliza nikajiuliza kama tulikwenda pamoja.

Mwezi wa pili nilimpigia simu bila kumpata, nikaenda Upanga nikaambiwa na jirani yake wa ghorofani kuwa yuko safarini. Alikuwa amekwenda Songea. Peke yake, kwa basi. Aliporudi nilimwendea, nikamkuta anamwagilia makopo yake.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Umeona?"

"Nimeona." Akanikaribisha chai. Nikangoja aendelee, lakini alirudi kwenye makopo yake, na hapo ndipo nilipohisi kitu ambacho sikukitegemea kabisa, mimi mtu niliyelalamika kuanzia Tunduma mpaka kule kwenye ukungu. Niliona wivu. Nilitamani ningekuwepo, nikiwa nimesimama pembeni yake, hata kama nisingeelewa.

Nikamwambia, "Dada, safari nyingine nishtue."

Akaweka kopo la maji chini. "Wewe," akasema, "si una duka?"